Amepanda Mlimani Kuomba

Mdogo wangu haombi. Hata chakula hakiombei. Kwa hiyo mama aliponiambia kwenye simu, kutoka Kivu, "Mdogo wako amepanda mlimani kuomba," nilielewa. Kwetu walokole hupanda mlimani kufunga na kuomba, ni jambo la kawaida. Lakini siku hizi vijana wanapanda na bunduki, wanajipanga kuwapinga wakubwa wapya waliowekwa mjini na jeshi la nchi jirani. Mama anaishi mji huohuo, na simu zinasikilizwa. Ndiyo maana kwenye simu tunasema ni maombi.

Jumapili, hapa Lawrence Heights, Toronto, nikamvuta pasta pembeni kabla ya ibada. "Pasta, mdogo wangu yuko mlimani. Umkumbuke." Nikamtajia na kilima chenyewe. Ni mtu wa kwetu, nikajua ameelewa. Kumbe wapi! Amekaa Toronto mno. Kwake mlimani bado ni mahali pa maombi tu.

Katikati ya ibada akashika maikrofoni. "Haleluya! Kuna kijana anafunga kule kwetu!" Akataja jina lake, akataja kilima. Vigelegele! Na kamera iko mbele yake, inarusha ibada moja kwa moja, na nusu ya mji wa mama huwa wanaitazama. Nikapiga kelele, "Zimeni! Zimeni!" Mama mmoja akadhani nimeshukiwa na Roho, akanipepea kwa kitenge.

Nilipomweleza, pasta aliifuta video huku analia. "Nisamehe, dada." Nikusamehe nini sasa? Maji yakimwagika hayazoleki. Sikulala, sikula.

Kesho yake nilikuwa kazini Malton, kwenye ghala la mizigo, mama akapiga. Sijawahi kumsikia akisema polepole vile.

"Leo tulipata wageni. Vijana wa adabu, wamevaa sare. Waliuliza njia ya mlima wa maombi."

"Ukawaambia nini, mama?"

"Niseme nini? Jina la mlima walikuja nalo. Wanasema na wao wanapanda, wakaombe na mdogo wako. Mwanangu, nani aliwapa lile jina?"

Nikaweka chini boksi nililobeba, nikatoka nje ya ghala.

"Mama," nikasema mwishowe, "tuombe."

Na safari hii nilimaanisha kuomba.