Pua ya Nestori na Divai za Majani Kuanguka

Haya, sogeeni, vijana! Ninyi wa nyuma wenye mnasema "mzee alikuwa anabeba makarton tu", ninyi ndiyo sogeeni zaidi. Wewe wa simu, weka mfukoni. Leo nawaambia namna tulikuwa tunachagua divai wakati majani inaanguka, na namna wivu ulinitembeza miji tatu kama mbuzi ya kamba. Nitaongeza chumvi kidogo. Mwenye hataki chumvi, aende kula hospitali.

Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa South End, kule Louisville, kama mwaka wa elfu mbili na kumi na nne hivi. Nilifika Amerika kutoka Kivu na mvi yangu yote kichwani, na Kiingereza yangu ilikuwa maneno nne: yesi, no, tenkyu na ovataimu. Supavaiza wa Depo, ile ghala ya divai yenye ilinipa kazi, alikuwa mtu mrefu, kila mlango ulikuwa unamsalimia kwa paji la uso. Akanipa rafu ya divai nipange. Mimi nikasimamisha chupa zote wima, safi, kama wanakwaya siku ya Noeli. Akakuja mbio:

"Papa, laza! Laza! Kizibo kikikauka, hewa inaingia, divai inakufa!"

Bon, ndiyo somo ya kwanza: chupa yenye kizibo cha mti inalala, divai iguse kizibo, kisikauke. Siku ile nililaza chupa elfu kumi. Ingine niliiimbia mpaka ikalala.

Kisha wakaanza kunifundisha kuonja. Hapo kukawa shida, juu kanisani kwetu pombe ni dhambi. Nikaenda kwa Mchungaji, nikamweleza kama mwonjaji hamezi: anazungusha mdomoni, anatema ndani ya ndoo.

"Ukitema, Mungu anaona," Mchungaji akasema. "Ukimeza, Mungu anaona, na mimi nitasikia harufu."

Sijameza hata tone. Lakini divai yenye nimetema, mngeimwaga ndani ya Ziwa Kivu, watu wa Goma wangehama.

Sasa sikieni kazi yenyewe. Majani ikianza kuwa nyekundu, watu wanaacha saladi, na zile divai nyeupe za wakati wa joto zinarudi nyuma ya rafu. Chakula kinakuwa kizito: bata mzinga, maboga, uyoga, nyama ya moshi. Bata mzinga nyama yake ni kavu kama hotuba ya mkubwa wa serikali. Ukimpa divai nyekundu nzito, yenye tanini nyingi, donc kile kitu kinashika ulimi kama umetafuna ndizi mbichi, mdomo unafunga duka. Mpe nyekundu nyepesi yenye uchachu wa kuleta mate. Boga lina utamu wake, mpe nyeupe yenye utamu kidogo, visigombane. Uyoga unanuka udongo wa mvua, mpe nyekundu yenye imezeeka, inanuka shamba. Mimi nilijifunza kwa njia yangu. Kila chupa nilikuwa naiuliza: wewe ungekaa na sombe, majani yetu ya muhogo, ao na samaki ya kukausha?

Nilikuwa mimi peke yangu Mwafrika wa kuonja pale depo. Nilikuwa natembea kama gavana. Halafu akakuja Nestori.

Nestori ni Mrundi, alikulia kambini Tanzania. Kiswahili yake ilikuwa imepigwa pasi. Anasema "shikamoo mzee" mpaka unasikia vibaya juu ya salamu yako mwenyewe. Siku yake ya pili, Supavaiza akampa glasi. Nestori akaingiza pua, akafunga macho.

"Humu mna cheri," akasema, "mna ngozi ya kiatu kipya, na majani yaliyoloweshwa na mvua."

Supavaiza karibu alie. "Na wewe Papa, umenusa nini?"

Mimi nilikuwa nimenusa divai. Nikarudia, nikavuta na nguvu, tone likaingia puani, nikapiga chafya mpaka foklifti ikazimika.

Toka siku ile sikupata amani. Kanisani nilikuwa nakaa pembeni yake, namwangalia. Mama Furaha, bibi yangu, akanifinya: "Papa Furaha, Mchungaji yuko mbele, wewe unaangalia pua ya mwanaume?"

Nikamwambia naomba. Na kweli nilikuwa naomba. Nilikuwa naomba apate mafua.

Hata mwaka haukuisha, Nestori akaenda duka la kampani yetu kule Columbus. Nikajua wamemuinua. Moyo ukachemka kama mawese. Nikamwendea Supavaiza, nikaomba na mimi uhamisho. Tukapata nyumba Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, mlango wetu unaangalia mlango wake. Asubuhi ya kwanza akafungua, mswaki mdomoni.

"Mzee! Ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu! Kazi inatuita!"

Mswaki ukaanguka. Nikasema, angalia, furaha imemzidi.

Mkuu wa Duka wa Columbus alikuwa mzee mwenye tumbo la heshima. Alitufundisha baridi na joto ya kutolea divai. "Nyekundu siyo supu," alikuwa anasema, "na nyeupe siyo barafu." Mimi niliandika kwa kiganja. Nestori hakuandika, alikuwa anakumbuka. Hata hiyo ilinichoma.

Kisha Nestori akaenda Buffalo, kwa duka ingine ya kampani. Nikasema, wamemuinua tena! Mama Furaha akaniuliza kama najua theluji ya Buffalo. Nikamjibu wivu una joto yake. Tukaenda. Vijana, Buffalo theluji ilikuwa inaanguka mpaka majirani wanasalimiana kwa dirisha la juu.

Kule, bosi alikuwa mama mmoja, Mkuu wa Kuonja. Septemba akatuita sisi wawili.

"Nataka mtu mmoja," akasema. "Mchaguzi wa Msimu. Jina lake litakaa kwa kioo cha duka, na kila meza ya majani kuanguka itakunywa chenye yeye amechagua. Jumatatu mtachagulia bata mzinga divai, mbele ya wateja."

Jina langu kwa kioo! Mimi mwenye sikumaliza darasa la pili! Nilitaka kile kiti kuliko vile Esau alitaka supu. Na nilijua pua ile itanipita.

Bon, nisiwadanganye: nikafanya ubaya. Jumapili kisha kanisa nikamwalika Nestori chakula. Mama Furaha alipoenda kubadilisha kitenge, nikaingia jikoni, nikamwaga ndani ya sombe pilipili yenye ingeamsha volkano. Nilitaka ulimi wake ulale mpaka Jumanne.

Tukakaa. Nestori akanawa mikono, akaniangalia.

"Karibu, kula," nikasema.

"Tangulia, mzee. Mke wangu ni wa Uvira, kulekule kwenu Kivu. Amenifundisha kwenu mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu."

Vijana! Desturi ya mababu zangu, nimeisahau kwa wivu, ananikumbusha Mrundi! Kukataa ni kusema chakula kina sumu. Nikagusa kidogo.

"Papa Furaha," bibi akasema, "mbele ya mgeni unaonja kama kuku? Utanipa haya!"

Nikala tonge nzima. Masikio ikafunga. Nikaona Louisville, nikaona Columbus, nikaona marehemu shangazi yangu. Machozi ikashuka.

"Ona mzee analia kwa utamu," Nestori akasema. "Mama, mimi nitakula ndizi tu. Sombe mwachie yeye, nisimnyime."

Jumatatu midomo yangu ilikuwa kama tairi mbili za kamio ya mizigo. Nikaonja chupa sita, zote zilikuwa moto. Nikachagua kwa rangi, ile nyeusi kabisa, nikasema ndiyo hii. Mkuu wa Kuonja akakula bata mzinga, akakunywa, akakohoa.

"Papa," akasema, "huyu ndege alikuwa amekufa. Wewe umemuua tena."

Nestori akachagua nyekundu nyepesi, ileile mimi ningechagua na ulimi mzima. Jina lake likaenda kwa kioo. Nilikisafisha kile kioo kila asubuhi mpaka nikastaafu, na pale kwa jina nilikuwa nasugua na nguvu. Halikutoka.

Sasa nimepumzika. Nawaambia: wivu ni divai nzito, inakausha mdomo wa mwenye kuibeba. Mimi ningali nayo kidogo. Siku ya kuniaga, mchana, duka limejaa, nikasimama nikatubu pilipili mbele ya wote. Nikasema, "Nestori mwanangu, nisamehe. Walikuinua Louisville, nikakuonea wivu, nikakufuata. Walikuinua Columbus, nikakufuata tena..."

Nestori akaruka kwa kiti, hata shikamoo akasahau:

"Nani aliniinua, mzee? Niliomba kuhama mwenyewe, mara mbili! Nilikuwa nakukimbia wewe!"