Labda Kumi na Moja

"Shangazi, hizi labda zote ni za kazi gani?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake, wakati huo yuko darasa la tatu, kajilaza kifudifudi juu ya mabaki ya vitambaa huku kashika karatasi za insha ya Shangazi mkononi. Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Alimkata jicho, basi.

Ilikuwa Jumatano. Chuo cha ufundi kilitafuta mwalimu wa ushonaji, na mkuu wa chuo alitaka kila mwombaji amwandikie insha ya ukurasa mmoja ya kumshawishi: mwanafunzi aanze na cherehani ya mguu au ya umeme? Shangazi alikuwa amekanyaga cherehani miaka kumi na tisa kwenye kibaraza cha kupanga, na goti lilishaanza kumlalamikia. Kazi ile aliitaka kufa na kupona. Lakini insha yake ilirudi na wino mwekundu: "Sasa wewe unasema nini? Rudia. Mwisho Ijumaa."

"Nasema nini!" alifoka, pini zikamwagika. "Kurasa nne nzima, bado ananiuliza nasema nini! Yule ana macho au vifungo?"

"Si alitaka ukurasa mmoja?"

"Hebu nyamaza."

Kurasa mbili za mwanzo zilieleza jinsi binadamu alivyoanza kuvaa nguo. Akazichana kwa hasira. Zilizofuata zilibeba sababu kumi na nne, zimebanana kama vifungo koponi. Akabakiza mbili, roho inamuuma. Akaandika upya, akasonya, akaandika tena. Bado insha ilimteleza: "Labda ni vizuri aanze na ya mguu, ingawa pengine ya umeme nayo huenda ikafaa."

Mtoto akahesabu kwa kidole. "Labda kumi na moja! Shangazi, mtu akikuuliza jina lako utamwambia labda?"

"Una mdomo kama mkasi, wewe!"

"Haya, mimi ungenifundisha kwa ipi?"

"Ya mguu! Hilo nalo la kuuliza? Ya umeme inakimbia, utashona mkono wa gauni shingoni kabla hujajua umekosea. Ya mguu ukiacha kukanyaga, inasimama."

"Mbona humu hujaandika hivyo?"

Shangazi akachukua wembe wake wa kufumulia, akakumbuka kwamba ile ni karatasi, akasonya, akashika kalamu. Akafuta labda zote, moja moja, huku ananung'unika kama anayeng'olewa meno. Ijumaa alipeleka nusu ukurasa. Mwezi uliofuata alikabidhiwa funguo za karakana ya chuo.

Miaka sita baadaye yule binti, sasa kidato cha pili, aliingia karakanani amenuna. Mwalimu wake alikuwa amemrudishia insha. Shangazi akaipokea, akacheka mpaka akakaa.

"Unacheka nini? Na lile swali langu la labda hukunijibu mpaka leo."

"Unajua ndani ya mshono tunaacha kitambaa cha ziada, mteja akinenepa tufumue? Basi na mimi nilikuwa naacha nafasi, mwanangu. Wakinibishia, nifumue nikimbie. Sasa lete kalamu. Labda zako nimeshaziona sita, na miwani sijavaa."