Picha Iliyosuuzwa Haraka Yarudi Mezani

Saa tatu asubuhi mjini Jeonju, Korea Kusini, Pyo Gwang-seop anafunga pazia, anazima taa, kisha anafungua kasha la karatasi kwa vidole vinavyojua njia.

"Baba," anasema binti yake, Ye-rim, humo humo gizani. "Hiyo karatasi haiungui kwa mwanga."

"Najua."

"Basi washa taa niione printa."

Gwang-seop, mwenye umri wa miaka 62, anawasha huku akicheka. Kwa miaka 36 amesafisha picha za rangi nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza, mpaka dawa zikamchubua vidole na daktari akampiga marufuku. Tangu mwezi wa tatu anachapisha kwa wino wa kaboni juu ya hanji, karatasi ya magome ya mforosadi inayotengenezwa mtaa wa pili.

"Nimekuwa kama bwana harusi," anasema. "Usingizi umenikimbia kwa furaha."

Leo, hata hivyo, furaha hiyo ina mtihani. Kesho ni siku ya kumkumbuka marehemu Bang Jong-tae, mvuna chumvi aliyefariki mwaka 1991. Kila mwaka familia huweka picha yake kwenye meza ya vyakula vya kumbukumbu, na kila mwaka inazidi kuwa ya manjano. Aliyeichapisha ni Gwang-seop mwenyewe, na leo anaichapisha upya kutoka kwenye filamu ile ile.

"Kwetu maziko huwa siku ya tatu tangu kifo, na watu walikuwa mlangoni wananingoja," anaeleza. "Picha ile ilitaka kusuuzwa saa nzima. Mimi nikaisuuza dakika kumi. Dawa ikabaki ndani ya karatasi, inaila taratibu. Nimeona aibu miaka yote hii."

Mjane, Bibi Eom Sun-nyeo, 84, anavua viatu mlangoni na kuipokea picha mpya kwa mikono miwili. Anaitazama weee.

"Huyu ni nani?" anauliza. "Mume wangu alishinda juani akivuna chumvi. Wewe umempaka poda."

Ye-rim anajikaza asicheke. Baba yake anaipeleka picha dirishani, halafu anajipiga kofi kwenye paji la uso. Picha ya chumba cha giza hukolea ikikauka, kwa hiyo mchapaji huiacha nyeupe kidogo makusudi. Mkono wake umefanya vivyo hivyo bila kumwuliza, ilhali wino huu haukolei.

"Mama, nipe dakika ishirini tu," anamwomba Bibi.

"Hata mwaka ule ulikuwa na haraka."

Gwang-seop anainamisha kichwa. "Basi nipe saa nzima," anasema.

Bibi anakaa, anakunywa chai yake ya shayiri. Saa inapotimia, uso wa Bwana Bang unatoka kwenye printa na mikunjo yake yote, weusi wa nywele umezama barabara ndani ya karatasi. Bibi Eom anaugusa ukingo wake kwa kidole kimoja.

"Ndiye," anasema. "Na ile hasira yake ya kucheleweshewa chakula, ipo. Kesho nitampikia mapema."

Gwang-seop hawezi kutulia. Kwenye rafu ana filamu za marehemu wengine 63 aliowachapisha mbio mbio miaka ile, na amepania kuwarudia wote bila malipo. Kabla Bibi hajamaliza kuvaa viatu, simu iko sikioni.

"Haloo? Ni Pyo, yule wa picha," anasema. "Ile ya baba yenu niliiharakisha. Naomba niichapishe tena."