Hamna Kwenu Nyie?

Ilianza Alhamisi, saa kumi kasorobo alasiri. Baba alikuwa ametoka shambani, ameshika birika anataka kutawadha, akakaa kwenye kizingiti kama mtu aliyechoka. Hakuinuka tena. Wakasema presha. Ijumaa baada ya swala tukamzika.

Mimi sikulia. Nilikaa kwenye jamvi na wanawake, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mkavu, huyu mtoto." Sikuwa mkavu. Mimi tangu zamani sauti haitoki. Shuleni, na sasa niko kidato cha tatu, nikijibu swali mwalimu anamuuliza jirani yangu nimesema nini. Wenzangu wananiita Mnong'ono. Hata kilio kilikwama palepale panapokwama maneno.

Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani. Na huko bondeni mpunga wetu ulikuwa unaanza kujaa maziwa, wakati ambao ndege wanaujia kwa makundi. Huo ndio chakula chetu cha mwaka mzima, na wa kuuamia, kuwafukuza hao ndege, alikuwa baba. Shule zilipofungwa mama aliniita chumbani kwake, mdogo wangu amelala mapajani mwake.

"Umebaki wewe, mwanangu," akasema. "Ndege wakiumaliza, tutakula nini?"

Nikaenda.

Dungu la baba lilikuwa vilevile alivyoliacha: kibanda juu ya nguzo, ngazi ya miti, debe bovu limening'inia kwa kamba, kombeo limechomekwa kwenye makuti. Dungu la jirani ni la shangazi, dada yake baba. Baba hakuwa mtu wa kupiga debe. Alikuwa anasimama na kuwapigia ndege kelele kwa sauti inayofika mtoni, "Hamna kwenu nyie?" Na shangazi, kutoka kwake, anawajibia ndege, "Tunako! Tunakula kidogo tu tunaondoka." Mzaha huohuo kila siku, na kila siku wanacheka wote wawili kama wameusikia leo.

Siku za mwanzo nilipiga debe. Ndege wakaruka, wakazunguka, wakatua palepale. Kombeo nalo sikuliweza, donge la udongo lilikuwa linaangukia miguuni kwangu.

"We mwali," shangazi akaniita, "unawaamia au unawabembeleza?"

"Nawafukuza, shangazi."

"Umesema?"

"Nawafukuza."

"Mimi mwenye masikio sikusikii, sembuse wao. Ndege anamwogopa mtu, haogopi bati."

Upande wa kwenye matete ukaliwa wote. Masuke yalibaki yamesimama wima, mepesi, hayana kitu ndani. Jioni nikamwambia mama, "Kule kwenye matete kumekwisha." Hakunigombeza. Alinisogezea sahani, yeye hakula.

Kesho yake likaja wingu zima la ndege wa kwelea kwelea. Niliwaona wanashuka katikati ya shamba. Nikasimama. Nikasema maneno yake baba, kwa sababu yangu mwenyewe sikuwa nayo.

"Hamna kwenu nyie?"

Ilitoka kubwa, nzito, imepasuka katikati. Ndege waliinuka wote kwa pamoja. Nikasubiri shangazi awajibie. Nilipogeuka nikamwona ameshika nguzo ya dungu lake kwa mikono miwili, kanga imemwanguka mabegani. Nikaita tena, ingawa ndege walishaondoka. Nikaita na kuita, mpaka maneno yakaisha kikabaki kilio. Nililia hivyo hadi koo likakauka.

Shangazi alikuja, akapanda ngazi yangu polepole, akakaa.

"Nilidhani ni yeye," akasema. Kisha akasema, "Lia, mwanangu. Huku hakuna wa kukutazama."

Tulivuna. Haukuwa mpunga kama wa mwaka jana, lakini tunakula. Watu wananiambia mwaka huu nimekua. Sijui. Shuleni bado ni Mnong'ono, na nikijibu swali mwalimu bado anamuuliza jirani yangu. Nilichojifunza ni kwamba sauti ninayo, ilikuwa humo siku zote, ila baba alipokuwepo sikuwa na haja nayo. Nikisema kweli, ningependa nisiijue kabisa, na yeye awepo.

Eda ya mama iliisha siku ya Ijumaa. Shangazi alimwogesha, akamvisha nguo, tukapika ubwabwa wa mpunga uleule. Wageni walipoondoka mama akaniambia, "Shangazi yako anasema ukiita unakuwa baba yako. Mimi sijakusikia."

Nikamwambia, "Twende shambani kesho." Pale nyumbani, majirani wote wanasikia, nisingeweza.

Asubuhi yake tulitoka wawili. Mama alitangulia, anatembea kama mtu aliyesahau njia. Shambani yalibaki mabua tu, na ndege hakuna hata mmoja. Mama akakaa chini ya dungu, ameegemea nguzo. Nikapanda, nikasimama pale alipokuwa akisimama baba, nikaita. Sauti ilikwenda mpaka mtoni. Kule chini mama alijifunika uso kwa kanga. Nikasubiri kidogo, kisha nikalifungua lile debe kwenye kamba, sikulihitaji tena, nikashuka nalo, nikakaa naye mpaka alipokuwa tayari kurudi.