Sweta ya Kawira Ilikuwa Rangi Gani?

Admin, jina langu weka kando, watu wa kanisa letu wamejaa huku. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, natoka upande wa Runyenjes. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona nimekosea mahali mnisamehe. Majina nimebadilisha.

Mzee wangu ni mkulima wa kahawa, lakini ugonjwa wake ni filamu. Si hizi za simu. Ni zile nyembamba za zamani, upana wa kidole, za kuzungushwa kwa mashine na kumulikwa kwa shuka. Amezinunua tangu tukiwa vijana, kwa walimu, kwa wazungu waliokuwa wakihama, hata mji wa Nkubu amezifuata. Kabla anunue, huvuta kipande kidogo akakiinua mlangoni kwenye mwanga. Mbingu ikiwa bado ni bluu anasema, "Hii ni mbichi." Ikiwa imegeuka nyekundu yote, watu, ng'ombe na majani, anamrudishia mwenyewe: "Hii imeiva." Kama kahawa. Ndivyo huzeeka hizo filamu, rangi zingine zinakufa, nyekundu inabaki.

Iliyoiva tumeweka moja tu. Ni ya Kawira, kifungua mimba wetu. Baba yake aliazima kamera ya mwalimu akampiga filamu akichuma kahawa na kikapu chake kidogo, anacheka, meno ya mbele hayako. Mwaka huohuo homa ya ubongo ikamchukua. Picha nyingine hatuna. Kila Krismasi tunaitazama, na kila Krismasi mtoto anazidi kuwa mwekundu.

Sasa macho ya mzee yanaenda. Daktari alisema tumechelewa. Mzee akaniambia, "Mama Kawira, nataka kumwona mtoto vile alikuwa, kabla sijaingia giza." Tukapeleka filamu kwa fundi mjini Embu, anaziweka kwa kompyuta na kurudisha rangi. Kijana wa heshima. Akasema, "Mama, majani ya kahawa nitayarudisha, kwa sababu najua ni kijani. Lakini hii sweta rangi yake imeenda kabisa. Ilikuwa gani?"

Mimi nikasema njano. Mzee akasema bluu. Tulisema pamoja, fundi akacheka.

Njiani hakuna aliyecheka. Mzee akaniambia, "Si wewe uliifuma? Mama gani hajui uzi wake?" Nami nikamjibu vibaya, "Na baba gani huyo, ulimwangalia na kamera na hukumwona?" Tangu siku hiyo anakula chakula changu akiangalia ukuta.

Ndugu zangu, nilikuwa na hakika ni njano. Lakini sasa nikifunga macho nimtafute mtoto wangu, anakuja na sweta nyekundu, ile ya filamu. Nimeitazama mpaka imefuta ile niliyoifuma kwa mikono yangu. Na sweta yenyewe tulimzika nayo, siwezi kwenda kuangalia.

Nikampigia kitinda mimba, ana kioski Nchiru, alizaliwa Kawira akiwa ameshaenda. Akasema, "Mami, si useme tu bluu baba afurahi! Kwani nani atajua?" Hana ubaya huyo mtoto. Lakini niliweka simu chini nikalia mpaka ugali ukaungua.

Kwa sababu ni kweli, hakuna atakayejua. Mimi ndiye nilipaswa kujua.

Fundi ananingoja, lakini macho ya mzee hayangoji. Niseme bluu, yeye amwone mtoto wake, nami nikae kando yake nikitazama mtoto wa mtu mwingine? Ama nishikilie njano, ambayo hata mimi siiamini tena? Wenye mliwahi kuzika mtoto, nyinyi ndio nauliza kwanza. Niambieni wenzangu, nimjibu nini huyo fundi?