Macho Yaliyokataa Kupanda

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, nikiwa chini ya mti wangu wa avokado huko Kangundo, macho yalikataa kupanda. Matawi ya chini niliyaona. Ya juu sikuyaona mpaka nikabinua kichwa kizima. Nilishika kichwa kisisogee, nikajaribu mara kumi. Kushoto yalikwenda, kulia yalikwenda, chini pia. Juu, hapana.

Wiki hiyo ukoo ulikutana kuamua mpaka kati yangu na kaka yangu mkubwa, aliyedai miti yangu kumi na minne. Kwetu anayelalamika husimama, anayejibu huketi kwenye kigoda na kumtazama usoni. Asiyeinua macho amekiri.

"Mwangalieni," kaka alisema. "Mwizi anahesabu vidole vya miguu."

Nikabinua kidevu ili nimwone.

"Aa! Sasa anatudharau!"

Wazee walicheka. Kufikia jioni miti ilikuwa yake.

Nilitafuta vitabu vya mwili wa binadamu kwa wauza mitumba, nikasoma sura za macho, kisha za ubongo. Nilipofika hospitali nilijua la kuuliza. Picha ilionyesha uvimbe wa nadra katikati ya ubongo, umekandamiza sehemu inayoinua macho na kuziba njia ya maji ya ubongo.

"Wengi huletwa na maumivu ya kichwa," daktari alisema. "Wewe umeletwa na miti."

Walitoboa fuvu, maji yakapata njia. Baadaye waliutoa uvimbe, kisha nikapigwa mionzi wiki sita. Kila nilipolazwa chini ya ile mashine, nilipanga mahali pa kuweka kigoda.

Macho yalipopanda tena, niliita ukoo. Nilisoma barua ya daktari polepole, neno kwa neno. Kisha nikasimama. Kigoda nilikuwa nimekiweka kando ya mkonge wa mpaka, kaka akakikalia.

"Kaka, mkonge huu ulipandwa na nani?"

Aliujua vizuri. Baba aliupanda sisi wawili tukimshikia miche, na miti yote kumi na minne ilikuwa upande wangu. Macho yake, mazima kabisa, yalibaki kwenye viatu vyangu.

"Tumetoka tumbo moja," alinong'ona. "Inatosha."

"Niangalie. Wewe hukupasuliwa kichwa."

Hakuniangalia. Wazee walirudisha miti, wakamwamuru alipe bei ya mavuno mawili aliyokuwa ameuza. Alinihesabia noti pale pale, ameketi, nami nimesimama juu yake. Nilimwambia arudie kuhesabu. Shilingi elfu arobaini na saba na mia sita.