Misalaba ya Shauliai

Miaka ile ya Ujamaa serikali ilinipeleka Lithuania kusomea mitambo ya bandari, mimi mtoto wa wakulima wa Chanzuru, ambaye bahari niliiona kwa mara ya kwanza siku ya kuondoka. Nilipanga chumba mjini Klaipeda, kwa mama mmoja mjane. Pale bandarini mabaharia walichomana visu kila walipopokea mshahara, na kanisa moja lilikuwa limevunjwa mnara na serikali ya huko, isiyotaka dini.

Mwana wa yule mama alikuwa amefia baharini. Likizo ilipofika alitaka kumsimamishia msalaba kwenye kilima kimoja cha bara, karibu na mji wa Shauliai.

"Nisaidie kuubeba," aliniambia.

"Mimi Mwislamu, mama."

"Nakuomba mgongo, sikuombi dini."

Tukauzungushia blanketi, tukapanda treni. Kilima tulikikuta kimejaa misalaba, imebanana kama mabua ya mahindi. Tulikuwa bado tunachimba shimo tingatinga lilipokuja, na askari nyuma yake. Misalaba ya mbao ikasombwa na kutiwa moto. Ya mawe ikasagwa. Ya chuma wakairusha kwenye lori.

Mama akaukumbatia wa kwake. Askari kijana, wa umri wa mwanawe, akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Niliruka kati yao.

"Mwache! Ni mama yangu!"

Wakacheka. Kisha kitako kikanishukia ubavuni, nikasikia mfupa ukivunjika, na nilipoanguka wakanimalizia kwa mabuti. Askari yule akaung'oa msalaba mikononi mwa mama, akautupa motoni pamoja na blanketi.

Tulifungiwa chumba kimoja cha polisi. Mama alikuwa akitema damu kwenye kitambaa chake cha kichwa. Nywele zangu zilinuka moshi, na moshi ule ulinirudisha nyumbani.

"Kwetu nako walichoma," nikamwambia. "Bibi yangu, upande wa Mikumi, alikataa kuhamia kijiji kipya cha barabarani. Mgambo wakawasha paa. Baba mdogo aliingia kuokoa mahindi, wakampasua kichwa kwa rungu."

"Bibi akahama?"

"Alihama. Hakuiona mvua iliyofuata."

Akajifuta mdomo kwa kile kitambaa.

"Mimi sihami," akasema.

Waliniachia kwa onyo kwamba nikirudia nitarudishwa kwetu. Wakanihamishia bwenini, nikakatazwa kwenda kwake. Mbavu ziliunga vibaya. Hadi leo siwezi kulalia upande wa kushoto.

Baridi ilipoanza nilimkuta mama sokoni karibu na bandari, akichagua samaki. Meno ya mbele hakuwa nayo. Nilimwinamia kama ningemwamkia mama yeyote wa kwetu Kilosa. Hakugeuka kunitazama, kwa kuwa macho yalikuwa mengi.

"Nimekwisha kusimamisha mwingine," akasema, huku akifungua shavu la samaki kwa kidole. "Wakija, nitapeleka wa tatu."